Koti la Baridi Mwezi Juni

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili kwenye kiti cha saluni na hunijui: naitwa Kunsulu, nina miaka thelathini na minne, naishi Almaty, na nimezaa watoto wawili. Kwenye karatasi nina mmoja.

Walionifuata tangu mwanzo wanaijua hiyo karatasi. Mume wangu Bolat, mhandisi wa visima vya mafuta, amepata kazi Maskati kwa miaka mitatu, na kampuni inasomesha watoto wa mfanyakazi wake. Nikajaza majina mawili. Wakanijibu kwa barua ya mistari minne kwamba Bwana Bolat ana mtoto mmoja tu, Sanjar, miaka saba. Huyo Togjan wa miaka kumi na mmoja si bintiye. Kwa mujibu wa cheti cha kuzaliwa ni mdogo wake, tumbo moja.

Nikaishia hapo wiki iliyopita, na barua zenu zikamiminika. Wengi mliuliza swali moja: mwanamke mwenye akili zake anamzaaje mtoto halafu mtoto huyo awe wifi yake?

Basi leo nakiri. Niliweka sahihi.

Kwetu mtoto wa kwanza ni wa babu na bibi. Akishatimiza siku arobaini anakwenda kulelewa kwa wazazi wa mume, anawaita baba na mama, na waliomzaa anawaita kaka na wifi. Wengi hufanya hivyo kwa maneno tu, na mtoto akifika umri wa shule anarudi kwao. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno tu. Alikuwa na rafiki yake kwenye ofisi ya vizazi na vifo pale Taraz, mji wa wakwe zangu. Aliniambia ni mpaka mtoto aanze shule, kisha akanipa kalamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kifua kimejaa maziwa. Sikuisoma karatasi. Nionyesheni mkwe wa kwetu anayesoma karatasi huku baba mkwe amesimama anangoja, nami nitawapikia nyote chai.

Tangu siku hiyo Togjan ni mtoto wa Rakima, mama mkwe wangu. Kila likizo nikifika Taraz anakimbilia kunipokea begi. "Karibu, wifi." Naitikia, nacheka na watu, kisha naingia bafuni nafungua bomba la maji ili wasinisikie.

Sasa shule, maana nusu ya barua zenu zilitaka kujua habari ya shule.

Aprili nzima niliishi na shule tatu za Maskati ndani ya simu yangu. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea na farasi wa kupanda. Bolat alicheka mpaka akakohoa, eti tuhame nchi iliyojaa farasi tukalipe watu watupandishe farasi. Hiyo ilikuwa na nafasi ya Sanjar peke yake. Togjan angekaa kwenye orodha ya wanaosubiri, labda mwaka, labda miwili.

Ya pili ilimtaka Togjan kwa sababu ya hesabu zake, maana mtoto huyo amekuwa wa kwanza mkoa mzima mara mbili. Lakini kwa Kiingereza chake wangemrudisha madarasa mawili nyuma, akae na watoto wanaomfika kifuani. Sanjar hawakumtaka mpaka Januari.

Ya tatu ilikuwa ndogo, jengo la zamani lililopakwa chokaa, bwawa hamna. Msajili wake, Bi Nasrin, alinipigia mwenyewe. Nilimuuliza mtaala, walimu, basi la shule, akajibu yote kwa subira, kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza.

"Sisi ndugu hatuwatenganishi, mama."

Hapo hapo nikaichagua. Bolat aliniuliza kama nimeangalia matokeo yao ya mitihani. Sikuwa nimeangalia, na nikamwambia nimeangalia.

Nafasi zilibaki mbili, za mwisho. Bi Nasrin akakubali kutushikia mpaka tarehe ishirini na tano Juni saa sita mchana, siku ya usaili wa watoto. Alitaka vitu viwili tu. Kila mtoto aonyeshe cheti chake cha kuzaliwa, na yule ambaye kwenye cheti si wetu awe na idhini ya mzazi wake, yenye muhuri wa wakili.

Mzazi wake aliyebaki hai ni mmoja. Rakima.

Mwisho wa Mei tukaenda Taraz. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, naapa moyoni kwamba safari hii nitapiga magoti, nitalia, nitapiga kelele majirani wasikie, lakini sirudi bila mwanangu. Mama mkwe alitupokea mlangoni akanibusu kwenye paji la uso. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kunibusu. Hilo peke yake lilitosha kunirudisha kwenye gari, lakini nilikuwa na shida yangu, na mwenye shida haangalii mlango unavyofunguliwa.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anakanda unga wa tambi za nyama, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, kilemba cheupe hakina hata doa.

"Mama," nikasema, "nataka Togjan aende na sisi. Nataka akasome."

"Mchukue."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza anasemaje.

"Una masikio, mkwe. Mchukue. Nitaweka sahihi." Aliugeuza ule unga akaupiga ngumi. "Hiyo shule inawachukua wote wawili?"

Nikamwambia ndiyo, wote wawili, pamoja. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepiga hesabu, kisha akanituma nikaangalie chungu.

Nililia kwenye mvuke wa ile nyama, na hakuna aliyeniuliza.

Mchana tulikaa watu kumi na wanne kwenye zulia. Kumbe alikuwa ameshachinja kondoo na kualika ukoo kabla hatujafika. Mimi nikaona ni furaha ya kutuaga. Mjomba wa Bolat, mzee Orazbek, alinitania kwamba Waarabu wanakula ngamia na sisi tunakula farasi, hivyo tusigombane nao, tugawane zizi. Nilicheka kuliko wote.

Kichwa cha kondoo alipewa Bolat, mara ya kwanza tangu baba yake afariki. Kwetu anayekata kichwa humpa mtoto sikio, ili awe msikivu. Bolat alikata sikio moja akalinyoosha kwa Sanjar, akakata la pili akaligeuza kwa Togjan. Rakima akamshika kifundo cha mkono.

"Yote mpe Sanjar," akasema.

Togjan akarudisha mkono wake mapajani. Tangu azaliwe sikio lilikuwa lake. Niliona uso wake ukibadilika, nikajiambia mtoto akipata Maskati hatakumbuka sikio la kondoo.

Chai ilipoletwa, Rakima akaweka bakuli lake la chai chini.

"Ndugu zangu," akasema, "mkwe wangu ameniomba kitu kikubwa, nami nimempa. Sasa na mimi nina ombi. Sitalitaja leo. Kunsulu, nikikuomba utanipa?"

Nieleze hapa kidogo, kwa msio wa huku. Ombi likiwekwa mbele ya ukoo namna hiyo halikataliwi. Unaweza kuombwa farasi wako wa mbio, unaweza kuombwa nyumba, na unatoa. Anayekataa husemwa mpaka wajukuu zake. Mwenye busara huuliza kwanza ombi lenyewe ni nini, na kuuliza si kosa. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza. Watu kumi na wanne walinyamaza kuniachia hiyo nafasi.

"Nitakupa, Mama," nikasema. "Chochote."

Mzee Orazbek akafungua viganja, wote wakafungua, akasoma dua, wote wakapangusa nyuso. Imekwisha, imefungwa. Maishani mwangu nimeweka sahihi mbili, moja kwa kalamu na moja kwa mdomo, na zote mbili sikuzisoma.

Kwenye gari nilimuuliza Bolat anadhani mama yake ataomba nini.

"Labda anataka kwenda kuhiji."

"Basi tutampeleka. Kutoka Maskati si mbali."

Aliwasha vifuta vya kioo, na hakukuwa na mvua.

Juni ilipoanza, Rakima akapiga simu na wazo zuri. Naliita zuri kwa sababu ndivyo nilivyoliona. Togjan aje Almaty wiki tatu nimwandae kwa usaili, na Sanjar aende Taraz amchangamshe bibi yake, maana nyumba bila mtoto inamtisha. Siku ya usaili atakuja naye kwa treni, na sahihi ataiweka huku huku Almaty.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Wiki tatu na mwanangu chini ya paa langu. Sikuwahi kuwa nazo tangu zile siku arobaini.

Akaomba kadi ya kliniki ya Sanjar, na cheti chake cha kuzaliwa, akiugua hospitali wasisumbue. Bolat akavitoa kwenye droo mwenyewe, akaviweka kwenye bahasha. Kisha akaomba koti lake la baridi.

"Mama, Juni hii?"

"Taraz kuna upepo, umesahau?"

Upepo wa Taraz naujua. Lakini siku hiyo Almaty watu walikuwa wanajimwagia chupa za maji kichwani kwa joto. Nikalikunja lile koti la bluu lenye manyoya kwenye kofia, nikaliweka kwenye begi la mwanangu, nikafunga zipu. Mkono wangu mwenyewe, ndugu zangu. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Zile wiki tatu na Togjan nitazisimulia siku nyingine, nikiwa na nguvu. Leo niseme tu tulifanya mazoezi ya usaili kila asubuhi mezani. Mimi nilikuwa Bi Nasrin, nimevaa miwani ya Bolat, namuuliza kwa Kiingereza changu kibovu anapenda nini, anaogopa nini. Siku moja nikamuuliza anaishi na nani.

"Wifi," akaniuliza, "wifi kwa Kiingereza unasemaje?"

"Sema mama."

Akatazama meza. Ni mtoto wa kufikiri, anapanga kila kitu kama hesabu.

"Mama akisikia atajisikiaje?"

Nilivua miwani nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sanjar nilimpigia kila siku saa kumi na mbili jioni. Wiki ya kwanza alilia, anataka kurudi, anataka katuni zake. Wiki ya pili hakulia. Wiki ya tatu alikuwa na haraka. Alisema yuko na shughuli, anasaidia kulisha kuku, na akaniachia simu hewani.

Nikiwa nimeshika hiyo simu nilimsikia Rakima kwa mbali. "Mwanafarasi wangu, njoo ule."

Hilo ni jina la kubembeleza, kila bibi wa kwetu analo. Lakini Rakima hakulitumia kwa kila mtu. Lilikuwa la Togjan. Sanjar alikuwa Sanjar tu, mtoto wa wageni wa likizo. Togjan alikuwa amekaa pembeni yangu anamenya viazi, na simu ilikuwa kwenye spika. Kisu chake kilisimama.

"Ananiita mimi?" akauliza.

Nikamwambia ni mazoea, ulimi umeteleza. Kisha nikakichukua kile kisu, nikamalizia viazi mwenyewe.

Sasa tufike tarehe ishirini na tano.

Treni ya Taraz iliingia saa mbili asubuhi. Bolat akaenda kuwapokea. Sanjar alikuwa amenenepa mashavu na amenyolewa nywele. Nilimkumbatia, akasimama wima mikono chini, kama watoto wanavyosimama wakikumbatiwa na shangazi wasiowajua vizuri. Nikajipa moyo kwamba amechoka na safari. Akaenda chumbani kwake na begi lake, na hakulifungua.

Saa tatu na nusu tulikuwa kwa wakili. Nilijiandaa kwa kikwazo, kwa "nimebadilisha mawazo", kwa presha kupanda ghafla. Hakuna. Rakima alisomewa idhini neno kwa neno: mimi, mama wa mtoto Togjan, naridhia aishi na asome Maskati chini ya Bolat na Kunsulu. Akaandika jina lake polepole kwa mwandiko wa shule za zamani. Muhuri ukagongwa. Karatasi akaikunja mara mbili akaitia kwenye pochi yake.

"Nitaibeba mimi," akasema. "Wewe unatetemeka."

Nilimbusu mkono pale pale kwenye ngazi za ofisi, na watu wakipita.

Saa tano na nusu tulikaa mbele ya kompyuta kwenye meza ya jikoni. Togjan katikati, mimi kushoto kwake, Rakima kulia. Bolat alisimama karibu na dirisha na kikombe cha chai. Bi Nasrin akatokea kwenye kioo na mtandio wa kijani, mchangamfu, akamsalimia Togjan kwa jina.

Walizungumza dakika ishirini. Nilielewa nusu. Alimpa hesabu tatu, Togjan akazijibu kichwani, na ya tatu akamwonyesha Bi Nasrin kwamba imekosewa kwenye kitabu. Yule mama alicheka akaandika kitu.

Kisha akamuuliza ni kina nani hao waliokaa naye.

Togjan alimgeukia Rakima. Rakima akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Mtoto akaninyooshea kidole mimi. Akasema kwa Kiingereza, wazi, "Huyu ni mama yangu." Akageuka upande wa pili. "Na huyu ni bibi yangu."

Nimelisubiri neno hilo miaka kumi na mmoja, na lilipokuja lilikuja kwa lugha ya watu, kwenye kompyuta, mbele ya mgeni. Sikujali. Nililia, Bi Nasrin naye akapangusa macho huko aliko. Nilimtazama mama mkwe wangu kwa shukrani ambayo sijawahi kuwa nayo kwa binadamu yeyote.

Yeye alikuwa anatazama mlango wa chumba cha Sanjar.

Bi Nasrin akasema Togjan amepita, bila shaka yoyote. Sanjar hana haja ya mtihani kwa umri wake, amwone tu amsalimie, na tumwonyeshe vyeti vya wote wawili kwenye kamera na ile idhini. Akatukumbusha kwamba ikifika saa sita mfumo unafunga, na kuna familia nyingine inangoja.

Rakima akafungua pochi. Akatoa cheti cha Togjan, akakiweka mezani. Akatoa ile idhini, akaikunjua, akaiweka juu yake. Akafunga pochi, na kiganja chake akakilaza juu ya zile karatasi.

"Mama," nikasema, "na kile cheti cha Sanjar."

"Kipo."

"Bi Nasrin anakihitaji."

"Cha huyo hakihitajiki."

Nilicheka. Nilidhani hajaelewa, nikamweleza taratibu kwamba nafasi ni mbili, za ndugu wawili, bila cheti mtoto hapokelewi. Aliniacha nikamaliza maelezo yote.

"Nina ombi kwako," akasema. "Unalikumbuka?"

Nikakitazama kiganja chake juu ya zile karatasi.

"Sanjar atabaki na mimi."

Bi Nasrin aliuliza kama kuna tatizo la sauti.

"Mama," nikasema, "ana miaka saba."

"Togjan alikuwa na siku arobaini."

Alilisema bila hasira. Afadhali angepiga kelele.

"Umenitazama miaka kumi na mmoja kama mwizi, mkwe," akaendelea. "Sikukulaumu. Ningekuwa wewe ningenitazama vibaya zaidi. Leo nimekurudishia, kwa muhuri, mbele ya wakili. Lakini mimi narudi kwenye nyumba ya vyumba vitano. Nikiamka asubuhi hakuna wa kumwamsha, na sufuria ya uji itanishinda kuimaliza. Hilo siliwezi, na sioni haya kulisema. Wewe umechagua shule. Na mimi nimechagua."

Nikamwambia sitaweka sahihi yoyote. Nilisema kwa sauti, nikagonga meza, bakuli la sukari likaruka. Nikamwambia safari hii ninajua kusoma.

"Nani anataka sahihi yako?" akasema. "Kwa huyu sitaki karatasi wala muhuri. Neno linatosha. Watu kumi na wanne wamelisikia."

Nilimgeukia Bolat. Alikuwa bado kwenye dirisha, na kile kikombe hakuwa amekinywa hata funda moja. Nikaikumbuka bahasha aliyoitoa kwenye droo mwenyewe. Nikavikumbuka vifuta vya kioo.

"Ulijua."

"Kunsulu, tuliahidi."

"Niliahidi mimi. Wewe ulijua?"

Akainamisha kichwa. "Ni miaka mitatu tu," akasema. "Mpaka tutakaporudi."

Baba yake naye aliniambia ni mpaka mtoto aanze shule. Kwa sauti hiyo hiyo, akitazama sakafu hivyo hivyo.

Chini ya meza Togjan alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alikuwa ameshaelewa yote kabla yangu, naapa, labda tangu siku ile ya viazi.

"Nibaki mimi," akaninong'oneza. "Mimi nimezoea."

Rakima alimsikia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile midomo yake ilitetemeka. Lakini kiganja hakukiondoa juu ya karatasi.

"Mama?" Bi Nasrin aliita kutoka kwenye kompyuta, na upole wake ulinichoma. "Samahani sana, zimebaki dakika nne. Nahitaji kujaza hapa. Niandike watoto wawili, au mmoja?"

Nikafungua mdomo. Mlango wa chumbani ukafunguka kabla sijasema.

Sanjar alitoka na begi lake mgongoni. Alikuwa amevaa lile koti la bluu, vifungo vyote mpaka shingoni, na jasho likimtiririka kwenye mashavu. Hakunikimbilia. Alitembea kwa adabu akazunguka meza, akasimama ubavuni kwa Rakima, akanitazama.

"Shemeji," akaniambia, "viatu vyangu vya baridi uliviweka wapi? Mama anasema treni ya saa nane haitungoji."